Barafu Iliyoning'inia Paani

Nilizaliwa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mwezi wa sita na wa saba umande huganda kwenye majani ya viazi na familia nzima hukaa jikoni mpaka usiku. Nyumba yetu ilipata joto kwa kuni za miwati. Mkataji na mbebaji nilikuwa mimi. Nilipopata bahati ya kusoma na baadaye kuhamia Marekani, niliapa kwamba shoka sitalishika tena. Moyoni mwangu kuni na umaskini vilikuwa kitu kimoja.

Naandika haya kwa ajili yako uliye ugenini kwenye baridi, au uliye nyumbani na unapiga hesabu ya mkaa kila wiki, kwa sababu huenda uko pale nilipokuwa mimi.

Mwaka 2019 tulihama kutoka Burlington, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Vermont, tukaenda kaskazini mashariki, mashambani, karibu na mpaka wa Kanada. Mimi na mke wangu tulitaka kufungua duka la mikate, na huko nyumba zilikuwa za bei tunayoiweza. Tulinunua nyumba ya mbao ya zamani. Bomba la gesi asilia katika Vermont hufika sehemu ya kaskazini magharibi tu. Sisi wa mashambani tunaletewa mafuta kwa lori. Yanamiminwa kwenye tangi lililo chini ya nyumba, galoni 275, na mashine iliyo kando yake inayachoma na kupasha nyumba joto. Mwaka 2020 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 2 na ushei kwa galoni. Nilizungusha kidude ukutani, nyumba ikapata joto, nikaona nimeshafika.

Jirani yetu alikuwa mama mjane wa miaka sabini na kitu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu. Watoto wangu walimwita Bibi tangu wiki ya kwanza. Alikuwa na jiko la kuni, na majira ya baridi alikwenda kila mahali kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji: posta, kanisani, kwa wagonjwa. Mimi nilimwona kama mtu aliyebaki nyuma. Mchezo wenyewe wa skii niliuhesabu kuwa wa matajiri, maana katika milima mikubwa tiketi ya siku moja ya kupandishwa mlimani kwa viti vinavyovutwa na waya hupita dola 100. Sikujua kwamba kijijini kwetu watoto wa shule na wakata magogo walivaa skii za mitumba na kuteleza tambarare, mashambani na msituni, bila kulipa senti.

Vuli moja Bibi alikuja dukani. Alisema kuna watu wa kujitolea wanaokata na kupasua kuni za kuwagawia wasio na uwezo, benki ya kuni wanaiita, na akaomba mikate iliyobaki jioni kwa ajili ya chai yao. Nilimkatalia. Nilimwambia biashara ni ngumu. Ilikuwa ngumu kweli, lakini mikate ile ilikuwa inaishia kwa kuku.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na ilipofika Mei mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa yamepita dola 5 kwa galoni. Vuli iliyofuata bei ilirudi huko huko. Nyumba yetu, mwezi wa Januari, ilikuwa inaweza kunywa karibu tangi zima. Hesabu hiyo ni zaidi ya dola 1,200 kwa mwezi mmoja, na tanuri la duka nalo linatumia gesi ya mitungi iliyokuwa imepanda vilevile. Nikapandisha bei ya mkate. Wateja wakapungua, kwa sababu nao walikuwa na matangi yao.

Nilianza kulaumu. Nililaumu serikali, Warusi, kampuni za mafuta, wanaharakati wa mazingira. Kila aliyeingia dukani alinisikia. Na lawama zangu hazikuwa za uongo zote, kwani bei ya mafuta huamuliwa mbali sana na kijiji chochote. Ila nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba ile zaidi ya miaka mitatu na sijawahi kupanda darini kuangalia kuna nini.

Mke wangu nilimficha. Kampuni iliyotuletea mafuta haikuleta chini ya galoni 100, na ilitaka fedha kwanza. Sikuwa nazo. Basi usiku, baada ya kufunga duka, nilikwenda kituo cha mafuta na madumu, nikanunua dizeli ya magari, nikaimimina kwenye tangi la nyumba. Mashine inaikubali, kwa kuwa mafuta hayo mawili yanafanana. Lakini dizeli ya magari ina kodi ya barabara, kwa hiyo nilikuwa nalipa zaidi kuliko jirani aliyejaziwa tangi. Ukitaka kuelewa, mfikirie mama wa Makambako, huko kwetu, anayenunua mkaa kwa kopo kila jioni kwa sababu fedha ya gunia haipati kwa mkupuo. Mwisho wa mwezi ametumia nyingi kuliko mwenye gunia. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na bado nililifanya kwa siri, kwa sababu kuomba niliona ni kuvuliwa nguo mbele za watu.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023 ulikuja upepo wa baridi ambao New England nzima, eneo letu la kaskazini mashariki mwa Marekani, inaukumbuka. Juu ya Mlima Washington, katika jimbo jirani la New Hampshire, baridi pamoja na upepo ilipimwa sawa na nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwetu bondeni ilikuwa nafuu kuliko huko, lakini ilitosha kuua. Usiku huo tangi langu lilikauka. Nilimimina dumu la mwisho, mashine ikakataa. Tangi likikauka kabisa, hewa huingia kwenye bomba, na mashine haiwaki mpaka fundi aitoe hewa hiyo. Mimi sikuwa fundi. Tulilala wote chumba kimoja, na nguo zote mwilini, na hapo ndipo mke wangu aliponiuliza, naye akaujua ukweli wote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, kwa nini ulibeba peke yako?"

Mchana wa siku ya pili nilisikia mtu akigonga. Alikuwa Bibi, amevuka shamba kwa skii. Kutoka dirishani kwake alikuwa ameona dohani yetu haitoi hata mvuke. Hakuuliza maswali. Alinionyesha namna ya kufunga maji na kuyatoa kwenye mabomba yasigande na kupasuka, akatuchukua sote kwake, na siku mbili tulilala kwenye sakafu ya jikoni mwake kando ya jiko la kuni. Watoto walidhani ni sikukuu.

Jumatatu lori dogo liliingia kwetu na kumwaga kuni. Walioshuka walikuwa watu wa ile benki ya kuni. Niliwatambua wote, walikuwa wateja wangu. Hawakuwa na neno juu ya mikate, si siku ile wala baadaye. Mmoja alikuwa ameleta jiko la chuma la zamani, na mwingine, mwenye ujuzi, alikagua na kusafisha dohani yetu, kwa sababu masizi na lami ya moshi iliyoganda ndani yake huweza kushika moto na kuteketeza nyumba. Kuni zilikuwa za mti wa maple, zimepasuliwa mwaka uliotangulia. Kuni mbichi nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na moto hutumia nguvu yake kuyachemsha badala ya kukupa joto. Mtu fulani alikuwa ametoka jasho kiangazi kizima kwa ajili ya familia ambayo haijui, na familia hiyo ikawa yangu, mimi niliyemnyima mkate wa chai yake.

Ningependa kukuambia kwamba nilipokea kwa furaha. Haikuwa hivyo. Siku ya kwanza nilitaka kuwarudishia. Nilimpigia mama yangu Njombe, nikamweleza kama mtu aliyepatwa na msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wewe umekua kwa moto wa kuni. Nani alikuambia ni aibu?" Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikashika shoka, nikawa napasua vipande vikubwa viwe vidogo, na machozi yakanitoka nikiwa napasua. Mikono ilikuwa haijasahau.

Wiki chache baadaye Bibi aliniletea skii za marehemu mumewe. Nilianguka sana. Alinisimulia kwamba mwaka 1998 aliona kwenye televisheni Mkenya Philip Boit akimaliza wa mwisho katika kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akabaki kumsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Kwa hiyo, alisema, usiogope kuchelewa, watu watakungoja. Tukawa tunakwenda pamoja, taratibu, tukipita nyuma ya nyumba za watu.

Huko nyuma ya nyumba ndiko macho yangu yalikofunguka. Ukipita barabarani kwa gari huoni kitu. Ukipita kwa skii unajua nani dohani yake imezimika, nani amelundika kuni za kutosha, nani ameziba dirisha kwa nailoni. Tulipofika nyuma ya nyumba yangu Bibi alisimama. Kwenye ukingo wa paa ilikuwa imening'inia barafu, ndefu na nene, kama meno. Kila mwaka nilikuwa nimeipiga picha na kuituma Njombe, kwa kuwa niliona ni uzuri wa nchi hii. Akaniuliza, "Unajua hiyo imetoka wapi?" Kisha akanieleza. Joto lilikuwa linapanda kutoka vyumbani, linapenya dari, linayeyusha theluji juu ya paa. Maji yanateremka mpaka ukingoni penye baridi, yanaganda. Paa la nyumba yake lilikuwa na theluji tele na ukingo wake mkavu. Miaka yote ile nilikuwa nanunua mafuta, nalia juu ya bei yake, nayachoma, na joto lake nalipeleka mawinguni. Alama yake ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yangu nami naipenda.

Upo mpango wa serikali kuu ya Marekani, wa tangu mwaka 1976, wa kuziba na kukinga nyumba za wenye kipato kidogo. Tulijaza fomu, tukasubiri zamu. Mafundi walipokuja walifunga feni kubwa mlangoni ivute hewa ya ndani, kisha wakazunguka na kutuonyesha kila ufa ulioingiza upepo. Waliziba, wakajaza dari kwa karatasi kuukuu zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Hatukulipa. Majira ya baridi yaliyofuata tulitumia mafuta chini ya nusu ya yale ya zamani, kuni zikifanya kazi iliyobaki.

Lakini usidhani mambo yakanyooka. Majira hayo yaliyofuata, ya 2023 hadi 2024, yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyokuwa yamepimwa hadi wakati huo katika Marekani bara. Mafuta yalibaki tangini, na duka likakosa watu. Wageni huja kwetu kufuata theluji. Milima ya skii hutengeneza theluji kwa kusukuma maji na hewa, kazi inayokula umeme mwingi, na kadiri baridi inavyokuwa kali ndivyo theluji hiyo inavyotengenezwa kwa nguvu kidogo. Ile baridi iliyokuwa inanimaliza nyumbani ndiyo iliyokuwa inanilisha dukani. Tulipunguza siku za kuoka, tukawasha tanuri mara moja na kuoka kila kitu kwa mfululizo, lisipoe katikati. Tulibaki hai.

Mwaka 2023 jimbo letu lilibishana vikali juu ya sheria ya kupunguza mafuta ya kupashia nyumba joto. Gavana Phil Scott aliikataa, Bunge likaipitisha juu ya kukataa kwake. Majirani zangu waligawanyika, na mimi nawasikiliza wote sasa, jambo ambalo sikuliweza zamani. Anayeogopa kuongezewa gharama nimewahi kuwa yeye. Anayesema tuache mafuta namwelewa pia, nimeshaona Januari isiyo na theluji. Ninachosema kwenye mikutano ya kijiji ni kimoja: anzeni na dari za maskini. Pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupashia nyumba, katika nyumba yenye nyufa itatuletea bili nyingine tu.

Mikate inayobaki sasa inakwenda benki ya kuni, nami nakwenda nayo, na shoka langu. Nikizunguka kwa skii naangalia kingo za mapaa. Nikiona barafu nene nagonga mlango, na ninasema kwanza iliyokuwa kwangu.

Kama uko Marekani na tangi lako linakaribia kukauka leo, piga simu namba 211, sehemu nyingi inafanya kazi, ueleze hali yako. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakupa shida. Najua kupiga ni kuzito. Bibi alipotupatia namba hiyo, akiwa ametuandikia kwenye karatasi pale jikoni kwake, mimi nilishindwa kufungua mdomo. Alipiga mke wangu.