Visoda Chini ya Meza

Kwa karibu miaka mitatu, kila Jumapili baada ya ibada ya pili, sisi na watoto wetu tulikuwa tukienda kula nyama choma kwenye baa iliyo kando ya barabara ya kwenda sokoni. Tunaandika "sisi" kwa sababu jambo hili tulilifanya pamoja, mume na mke, na hakuna anayeweza kumtupia mwenzake lawama. Mmoja wetu alikunywa bia, mwingine soda. Watoto walicheza kwenye bembea zilizofungwa uani, karibu na jiko la nyama. Familia nyingine za usharika tulizikuta huko huko, tukasalimiana, tukaunganisha meza.

Tulikuwa na sababu zetu, wala hazikuwa za kipuuzi. Kabla ya hapo baba alitoka peke yake Jumapili mchana na kurudi usiku wa manane, chakula kimepoa na watoto wamelala. Tulipoanza kwenda wote, saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumesharudi nyumbani. Tena tulijifariji kwa malezi yetu wenyewe. Sisi tumekulia Kilimanjaro, mbege ikipikwa nyumbani kwa ndizi mbivu na ulezi. Watoto tulitumwa kuchota, tukapita katikati ya wazee na kata mkononi, na hakuna aliyeona ajabu. Tukajiuliza: kama sisi tuliikuta pombe uani kwa babu na bado tukapata kipaimara, hawa wetu watadhurika na nini?

Jibu lilitoka kwa binti yetu, wakati huo akiwa na miaka minane. Alikuwa na mazoea ya kuokota visoda chini ya meza yetu na kuvitia mfukoni mwa gauni lake la kanisani. Tulidhani anakusanya vya kuchezea, maana hata sisi tulichezea visoda. Jumapili moja mhudumu alileta chupa nyingine. Binti akaja akasimama kando ya kiti cha baba yake, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hii ni ya tano. Ulisema ikifika ya nne tunaondoka." Akatoa visoda vinne mfukoni, akavipanga mezani kimoja kimoja.

Hakuna aliyecheka. Jioni ile tulimuuliza ameanza lini kuhesabu. Akasema ni tangu siku aliyomsikia mama akimwambia shangazi kwamba watoto wakiwepo, baba hanywi sana. Alisikia, akaelewa kwamba hiyo ndiyo kazi aliyopelekwa kuifanya. Wenzake walipokuwa kwenye bembea, yeye alikuwa zamu.

Tangu hapo tumeisoma upya habari ya Nuhu katika Mwanzo sura ya 9. Mzee alilewa divai ya shamba lake mwenyewe, akalala uchi hemani, na wawili kati ya wanawe wakaingia kinyumenyume kumfunika, nyuso zao zikitazama upande mwingine. Zamani tuliisoma kama sifa kwa watoto wenye adabu. Sasa tunaona pia mzigo waliobebeshwa. Na wale walikuwa watu wazima, wenye wake zao. Wetu alikuwa darasa la pili.

Ndipo tukaelewa tofauti ya uani kwa babu na ile baa. Kwa babu, mtoto alibeba kata tu. Kazi ya kumwambia babu "sasa inatosha" ilikuwa ya bibi na ya wazee wenzake, na walimwambia. Kwenye baa mwenye bia yu kazini, anafurahi ukiagiza nyingine, na wale wa meza ya pili hawakujui. Mtu pekee aliyebaki wa kutuambia inatosha alikuwa mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inawataka wenye baa wasimruhusu kuingia. Tuliijua juu juu, tukajificha nyuma ya zile bembea, tukasema hapa ni mahali pa familia. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, bado lingekuwepo onyo la Bwana katika Mathayo sura ya 18 kuhusu wadogo hawa. Tulikuwa tukilisoma tukiwafikiria watu wabaya. Hatukujiona sisi, wenye Biblia kwenye mkoba chini ya kiti.

Hatuandiki haya ili kumnyooshea mtu kidole. Yuko dada wa jumuiya yetu anayechoma ndizi kwenye baa hiyo hiyo, na mwanawe hufanya kazi za shule juu ya kreti kwa sababu hana pa kumwacha. Yeye hakuchagua. Sisi tulichagua, na nyumba tunayo. Siku hizi mtoto yule huja kwetu jioni mbili kwa juma, wanasoma pamoja na wetu. Jioni zilizobaki bado yuko kwenye kreti, na washarika tuko wengi.

Tulipomwambia binti yetu kwamba hatutampeleka tena baa, hakufurahi kama tulivyotegemea. Aliuliza, "Sasa nani atahesabu?" Tulinyamaza kidogo. Kisha baba akamjibu kwamba atahesabu mwenyewe, na akikosea yupo mama, na wote wawili wakishindwa yupo mzee wa kanisa ambaye tumemwomba aulize bila haya. Huyo mzee anauliza kweli. Baba hajaacha pombe, ila amepunguza, na kuna Jumapili ambazo jibu lake si zuri. Lakini linasemwa kati ya watu wazima.

Nyama sasa tunachoma nyumbani. Tunawaomba wazee wetu jambo moja: geti la kanisa lisifungwe Jumapili mara ibada ikiisha. Uwanja upo, kivuli kipo, na bembea mbili si gharama ya kutushinda.