Kilwa Kisiwani: Tuliyoyapenda, na lililotuaibisha



Ndugu msomaji, familia nyingi za kwetu Temeke zinapopata nafasi ya kutembea pwani hufikiria Zanzibar au Bagamoyo. Sisi wa msikiti mmoja wa Mbagala tuliamua kuelekea kusini. Tulikuwa familia saba, watoto wa madrasa pamoja na ustadhi wao. Tulisali Alfajiri, tukasoma dua ya safari, na basi likaondoka Rangi Tatu giza halijatoka.

La kwanza tulilolipenda ni njia yenyewe. Ukishapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri unaukuta Mto Rufiji. Wazee wetu walikuwa wakisubiri kivuko hapo, na masika yakichachamaa safari ilikuwa mtihani. Tangu mwaka 2003 lipo Daraja la Mkapa, na watoto walisongamana dirishani kuutazama mto. Nangurukuru tuliiacha barabara ya Lindi, tukashuka hadi Kilwa Masoko. Huko ndiko panapochukuliwa kibali na mtu wa kuongoza wageni, kisha mnapanda mashua. Bahari ya kuvuka ni fupi, lakini mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha tanga atamshika mama yake mkono asiuachie.

La pili ni Msikiti Mkuu. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ulianza kujengwa karne nyingi zilizopita, ukapanuliwa sana katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisimama ndani unaona safu za nguzo, matao na vikuba juu yake. Jirani yake upo msikiti mwingine mdogo wenye vikuba, ambao paa lake limesalimika zaidi.

La tatu ni Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya jabali kando ya bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, na birika la pembe nane ambalo watoto walilizunguka wakizihesabu pembe zake. Utajiri huo ulitokana na biashara, hasa dhahabu iliyotoka Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji, na haukurudi tena katika fahari yake ya mwanzo.

La nne si jengo. Mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, mji wa Morocco ulio kwenye mlango wa Bahari ya Mediterania. Alikuwa ameiona miji mingi, na bado akaisifu Kilwa kwa uzuri. Lakini aliyemsifu zaidi ni Sultani wake, Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani akabadilisha, akampa zile. Kisa hicho tuliwasimulia watoto chini ya matao ya msikiti.

Tulipomaliza, mtoto mmoja akauliza: “Ustadhi, hapa anaadhini nani?”

Ustadhi akamjibu kwa upole: “Hapa haadhini mtu, mwanangu.”

Hapo ndipo ilipotupata aibu. Kabla ya safari ile kamati yetu ilikuwa imekaa vikao vitatu kuhusu mnara. Fundi alikwishatoa makisio, na sisi tulio katibu ndio tuliousemea mnara kuliko wote, tukidai kwamba msikiti usio na mnara hauonekani kutoka barabarani. Katika muhtasari wa kikao cha tatu, ukurasa wa mwisho, chini ya “Mengineyo”, tuliandika kwa mkono wetu kwamba posho ya ustadhi haijalipwa kwa miezi minne. Kikao kikafungwa kwa dua. Na ustadhi huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele yetu akimjibu mtoto. Baadaye tulikuja kujua kwamba hata nauli ya safari ile aliikopa.

Adhuhuri ilipoingia tulisali na wanakijiji katika msikiti wao. Ni mdogo, hauna la kumshangaza mtalii, lakini safu zilijaa. Nasi tulio wasafiri, kwa kuwa tulisali nyuma ya imamu mkazi, tulikamilisha rakaa nne. Kisha tukakaribishwa wali wa nazi na samaki, nalo hilo tunalihesabu kuwa la tano tulilolipenda.

Jioni, mashua ikirudi Masoko, hatukuwa na maneno mengi. Suratut-Tawba inapowataja wanaostahiki kuamirisha misikiti ya Allah inataja imani, swala na zaka. Haitaji urefu wa mnara. Aya hiyo tuliisoma chuoni, tukaitolea mawaidha mara nyingi, na bado ilitubidi kuvuka bahari ndipo ituingie.

Katika kikao kilichofuata tuliomba posho ya ustadhi iwe ajenda ya kwanza. Hatukueleweka na wote. Wapo waliosema katibu amegeuka, nao hawakukosea. Deni lililipwa kwa mafungu mawili, na mnara bado haujajengwa. Huenda siku moja ukajengwa, Insha-Allah, nasi hatutaupinga. Ila tunaomba usijengwe kwa jasho la mtu asiyelipwa.

Basi, ndugu msomaji, ukijaaliwa wapeleke watoto Kilwa Kisiwani. Vaeni viatu vya kutembelea, chukueni maji ya kutosha, na msishuke kisiwani jua likiwa limekwisha kupanda. Mkifika Msikiti Mkuu wasimulieni kisa cha nguo za Sultani. Na ikiwa mmeongozana na ustadhi wao, muulizeni kwanza nauli yake kailipa nani.

Wabillahi Tawfiiq.