Mshale Uliogoma

Ndugu msomaji, ikiwa na wewe ni mtu wa hasira za upesi kama nilivyo mimi, basi nisikilize kisa hiki. Huenda kikakufaa siku moja, wewe na walio nyumbani mwako.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, hapa kwetu Mombasa. Tangu niliporudi swalani adhuhuri nilikaa na laptopu nikiandika hesabu za mirathi ya dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu: nani alimdai, na kiasi gani, kwani kama ujuavyo, deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawiwe. Baada ya Alasiri wadai wawili walikwisha fika, wamekaa ukumbini wakinywa kahawa na kuningoja. Mara ule mshale wa kwenye kioo ukaganda. Nikapapasa kibao cha kugusia, wapi! Nikakisugua kwa kitambaa, wapi! Nikakipiga kofi.

Usiku wa jana yake mjukuu wangu alikuwa ameitumia kwa masomo yake. Sikuuliza. Nilimwita mbele ya wageni, nikamwambia maneno ambayo sipendi kuyarudia. Mtoto akainamisha kichwa. Nikatia kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Hapo ndipo aliponena kwa sauti ya chini: "Babu, tafadhali usizime. Umehifadhi?"

Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja.

Akabonyeza kitufe cha Caps Lock, kitaa chake kikawaka. Akabonyeza tena, kikazimika. "Mashine ni nzima, babu. Kilicholala ni kibao tu." Akashika Ctrl pamoja na herufi S, na kazi yangu yote ikahifadhika bila ya mshale. Kisha akanionyesha, katika safu ya juu, kitufe chenye picha ndogo ya kibao kilichopigwa mstari. Jirani yake ni kitufe cha mwangaza. Nikakumbuka: jua la jioni lilipoingia dirishani nilitaka kuongeza mwangaza, nikabonyeza bila ya kutazama. Kumbe aliyekifunga kibao ni mimi! Mtoto akabonyeza mara moja, mshale ukatembea.

Basi mshale ukikugomea, fuata njia yake. Kwanza jaribu kitaa, kama mashine yako inacho. Kikijibu, hifadhi kazi yako, kisha tafuta kitufe cha kibao. Mashine nyingine hutaka ukibonyeze pamoja na kile cha Fn. Kama umechomeka kipanya, kichomoe, kwani baadhi ya mashine hukifunga kibao kipanya kinapoingia. Kausha vidole na kibao, maana kibao hicho hukihisi kidole kwa nguvu za umeme, na maji hukichanganya. Kitaa kisipojibu, ngoja dakika chache. Pengine mashine imeelemewa na kazi. Kubana kitufe cha kuzimia kuwe ndiyo dawa ya mwisho, kwani kisichohifadhiwa hupotea.

Lakini liko jambo moja lisilokuwa na kitufe. Nafsi iliniambia: mpe mtoto shilingi mbili tatu, yaishe, wewe ni babu yake. Nikaona hasha. Nimemvunjia heshima mbele ya watu, vipi nimrudishie kwa siri? Nikamshika mkono nikampeleka ukumbini, nikawaambia wageni wale wale: "Kosa lilikuwa langu, na huyu ndiye aliyeziokoa hesabu zenu." Ulimi ulikuwa mzito, nisikufiche. Mtoto hakusema kitu, ila aliketi karibu yangu mpaka tulipomaliza.

Mchana kutwa nilikuwa nikihesabu madeni ya maiti, nisilione langu mwenyewe. Dada yangu hawezi tena kulipa, sisi ndio tunaomlipia. Lakini mimi na wewe tungali hai. Hebu fikiri, ndugu yangu, ni nani uliyemkaripia juzi kwa kosa lililokuwa lako? Kama yumo humo nyumbani, mwite. Na kama ulimkaripia mbele ya wageni, usingoje waondoke.