Mwendo na Amri

Wanadamu ni wepesi wa kulaumu kuliko kuchunguza. Kitu kikichelewa huitwa kibovu. Mtu akichelewa huitwa mvivu. Aghalabu lawama hutangulia, na sababu hufika baadaye ikikuta hukumu imekwisha kutolewa.

Mwalimu mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu. Kichakataji chake kilikuwa Athlon XP 1800+, cha jamii iliyotolewa na kampuni ya AMD ya Marekani mwezi wa Oktoba 2001. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa ameweka maneno ya lugha yake, aliyoyakusanya kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa wazee. Siku moja aliiwasha baada ya kuiacha kwa muda mrefu bila umeme. Ilijikokota kama punda aliyelemewa, na juu ya kioo ikajitangaza kuwa ya megahezi 1150. Mwalimu akaazimu kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla ya kuiuza alitaka kujua imepungukiwa na nini. Kwanza ilimpasa kutenga jina na mwendo. Namba 1800 haikuwa kasi. Ilikuwa daraja ambalo kampuni ilikipa kichakataji ili kukilinganisha na vingine. Mwendo wake wa haki ulikuwa megahezi 1533, yaani mapigo milioni 1533 kwa sekunde. Aliyeitafuta 1800 angalitafuta kitu kisichokuwapo.

Pili, kichakataji hakijipigii ngoma. Ubao mkuu ndio upigao, nacho huyazidisha mapigo hayo kwa 11.5. Ubao ukipiga mara milioni 133 na theluthi moja, hupatikana 1533. Ukipiga mara milioni 100, hupatikana 1150. Basi mchezaji hakuchoka. Ngoma ndiyo iliyopoa.

Ngoma ilipozwa na nini? Saa ya kompyuta ilijibu swali hilo, maana ilionyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita. Betri ndogo ya duara, ya volti 3, itunzayo saa na mipangilio ya ubao wakati umeme haupo, ilikuwa imekufa. Ubao uliposahau ulivyoagizwa, ulirudia mwendo wa tahadhari.

Mwalimu alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili wake usidhuru kitu. Alipangusa vumbi lililoziba feni, kwa kuwa mwendo mkubwa huzaa joto kubwa. Alihakikisha kwamba kumbukumbu nayo yaweza kustahimili 133. Alitia betri mpya, akawasha, akafungua mipangilio ya ubao na kuandika 133 mahali pa 100, kisha akakitazama kipimo cha joto kwa muda. Kioo kikasoma 1533. Kichakataji hakikuongezewa nguvu hata chembe. Kilirudishiwa haki yake tu. Maneno ya wazee yakafunguka upesi kama zamani.

Jioni ile alilifungua daftari la darasa lake. Mbele ya jina la mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwa mkono wake neno moja: mzito. Alilitazama kwa kitambo, akalifuta, na mahali pake hakuandika neno jingine. Asubuhi alimwita mwanafunzi yule, akamwuliza jambo ambalo hakupata kumwuliza tangu mwaka uanze: huko nyumbani anakotoka, husoma saa ngapi, na kwa taa gani.