Kutoka Nyamisati Hadi Kua

Zamani, mtu wa Nyamisati aliyetaka kuyaona magofu ya mji wa Kua, kule visiwa vya Mafia, hakutenga siku, alitenga juma. Mashua ya mjomba ilingoja maji yajae ndipo itoke kijitoni, ipenye kwenye mikoko, halafu ikutane na kusi nje ya mdomo wa mto. Tulikaa juu ya magunia ya mchele, pembeni kuku waliofungwa miguu, na amri ya mjomba ilikuwa moja: "Kaeni katikati, msiegemee ubavu." Jaketi la kuokolea hatukuwa nalo. Bahari ikichafuka, tunageuza.

Kwa hiyo wengi wetu tuliijua Kua kwa masimulizi, nayo yalitosha kumnyima mtoto usingizi. Wazee walisema watu wa Kisimani Mafia, walipomaliza kuunda jahazi lao, waliwalaza watoto wa Kua mchangani, wakalishusha jahazi baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha chumba cha chini ya ardhi. Mwenyeji akatoka kimyakimya, na mlango ukazibwa kwa mawe.

Leo Nyamisati ina gati, na kivuko cha MV Kilindoni kinabeba abiria 200 pamoja na magari. Wilaya yenyewe si Rufiji tena, ni Kibiti. Nilivuka na binti yangu, tukashuka Mafia, tukapanda gari mjini Kilindoni kwenda Utende kwa barabara ya lami, tukalala huko baada ya wali wa nazi na changu wa kukaanga. Asubuhi boti ikatupitisha Chole mpaka kisiwa cha Juani, penye magofu ya Kua.

Kua ni kubwa kuliko nilivyohadithiwa. Kasri lilikuwa la ghorofa. Kuta ni matumbawe na chokaa, na mizizi imeingia kwenye nyufa, ikishika jiwe hapa na kulisukuma pale. Ukiukata mti, huenda ukuta ukaanguka nao. Wasakalava wa Madagascar waliuvamia mji huu mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa, na makao ya utawala yakawa Chole. Wajerumani nao walijenga boma lao Chole, kisha mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, ambako meli zilipata kina cha maji.

Binti yangu hakujali hayo. Alitaka chumba cha harusi. Mzee aliyetuongoza akacheka: "Mjukuu wangu, kila mwongozaji ana chumba chake."

Safari imekuwa nyepesi. Lakini kuta hazijapata mtu wa kuziokoa kwa kasi hiyohiyo. Nenda ukazione zikiwa bado zimesimama. Ila ukifika Utende, ulizia kwanza maji ya Juani: yakipwa, boti haifiki Kua, na utashinda ufukweni hata kama kivuko kilikuleta kwa wakati.