Siku ya Kupumzika Kalacha

Mtu wa Kisii au Nyamira hana desturi ya kuhesabu maji. Mvua ya kwao hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi huanguka alasiri, majani ya chai yakiwa bado yana unyevu wa ile ya jana. Lakini apigapo hema Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi huko Marsabit, siku moja ya kupumzika humtia katika hesabu asiyoizoea.

Maji ya kutwa huchotwa mapema, kabla jua halijawa kali. Chemchemi iko penye mikoma, na Wagabra huleta hapo ngamia waliokaa siku nyingi bila kunywa. Mmoja aweza kumaliza lita 100 kwa dakika chache. Mwenye debe lake moja yampasa kungoja kama wengine. Wageni wengi hukosea hapo, wakidhani maji yatokayo ardhini yenyewe hayana mwenyewe.

Adhuhuri hapana kazi ila kulala kivulini. Mbele ya hema uwanda wa Chalbi, uliokuwa ziwa zama za kale, hung'aa kwa chumvi hata macho yakadanganyika kuwa ni maji. Mvua ikinyesha, jambo la nadra, uwanda huo huwa matope ya kunasa magari.

Jua likishatua, maji yaliyosalia ndooni, ambayo kwao angeyamwaga mlangoni bila kufikiri, huyafunika vizuri na kuyaingiza hemani.