Neno Baraza

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kuwa baraza ni mkutano wa wazee au mawaziri. Nilipotoka Kang'ata kwenda Unguja, magoti yakiniuma, ndipo nilipoikalia maana yake nyingine: kiti cha jiwe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, pale Mji Mkongwe.

Jioni niliingia Bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Taa, njia na viti ni vya leo, lakini adabu yake ni ile ya baraza: karibu, keti. Kwetu, mzee akitaka kupumzika kituoni, sharti anunue chai. Kabla ya mnara wowote, naomba tujengewe baraza.